Ukimcheka mwenzio kwa kuchapia ung'eng'e, basi mfundishe!

Najua nimewatupa, wiki mbili nzima sijaandika hata mstari mmoja. Test zilikuwa tatu mfululizo, bumu limechelewa, na kila nikikaa niandike umeme unajiondokea zake. Leo nimepata nafasi. Niko hapa kimbwetani, chips mayai zimeshaisha, imebaki hasira tu. Kwa hiyo leo hakuna stori za foleni ya kafeteria. Leo nagomba, na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, kwenye semina. Nina mshikaji mmoja, naomba nimwite Jirani maana rumu zetu zimepakana. Jirani katokea shule ya Kayumba, akaenda sekondari ya kata, akapiga msuli mpaka akafika hapa. Kwenye grupu letu tuko sita, na kusema ukweli kazi aliifanya yeye. Yeye ndiye aliyeshinda maktaba, yeye kachora majedwali, yeye kaandika kurasa zote. Sisi watano tulichanga hela ya kuprinti na kuweka majina yetu kwenye kava. Siku ya kupresenti tukamsukuma mbele, si ndiye anayeijua kazi?

Akasimama, akafungua: "Today we are going to discuss about..."

Hakumaliza. Kutoka viti vya nyuma ikasikika sauti: "Discuss about? We bwana, discuss haina about!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akatabasamu, akaangalia saa yake. Jirani akameza mate, akaendelea. Dakika mbili mbele akasema "us we think", kicheko cha pili. Wadau, nilimwona kwa macho yangu mtu mzima anavyonywea. Sentensi zikaanza kuwa fupi. Akaruka kurasa mbili, na hizo mbili ndizo zilizobeba hoja yetu yote. Akasema "thank you", akakaa. Mwalimu akauliza swali ambalo jibu lake lilikuwa palepale kwenye kurasa zilizorukwa. Jirani alilijua jibu. Akabaki anaangalia meza. Sisi wengine watano tusingeweza kumsaidia kwa sababu, kama nilivyosema, hatukuisoma.

Na kicheko kile cha kwanza, mimi nilicheka. Sikuanzisha, ila nilicheka, tena na meno yote nje. Mwanakikundi mwenzake!

Alhamisi tukiwa tunachota maji akaniambia, wala hakuwa na hasira: "Mimi semina hii sasa nakuja kusaini tu." Sentensi hiyo ndiyo imenikalisha hapa. Jamaa anayejua kuliko sisi wote ameamua kunyamaza mpaka mwisho wa semista, kwa sababu ya "about" moja.

Sasa twende kwenye hoja. Baada ya kipindi nilimfuata yule mtaalamu wa nyuma. Nikamuuliza kiungwana: kwa nini "discuss" haina "about"? Akaniambia, "Ndivyo ilivyo, bwana." Nikamuuliza, mbona tunasema "a discussion about something", hapo "about" imeruhusiwa na nani? Akatoa simu mfukoni akaanza kubonyeza. Yaani hajui kanuni. Anachojua ni mahali pa kuchekea, maana naye aliwahi kuchekwa palepale huko English medium alikosoma.

Haya, tufundishane basi, maana kicheko hakijawahi kumfundisha mtu. "Discuss" ni kitendo kinachoshika jambo lenyewe moja kwa moja. Na kichekesho ni kwamba Kiswahili chetu kinafanya hivyohivyo! Tunasema tumejadili mada, hatusemi tumejadili kuhusu ya mada. Tunaomba ruhusa, kwa hiyo "I request permission", siyo "I request for permission". Tunasisitiza usafi, kwa hiyo "emphasize cleanliness", ile "on" ya nini? Tumefika Dodoma, kwa hiyo "we reached Dodoma", bila "at" wala "to". Hizo "about", "for" na "on" zinatoka kwenye majina: "a discussion about", "a request for", "an emphasis on". Jina linataka kijineno mbele yake, kitendo hakikitaki. Basi, imeisha. Imechukua dakika moja na hakuna aliyelia. Angalieni tena: hapo Jirani asingekuwa amekosea kama angekifuata Kiswahili chake! Alichapia kwa sababu ya kukariri Kiingereza, siyo kwa sababu ya Uswahili.

Kuna makosa mengine ambayo kweli yanatoka nyumbani, na hayo pia si ujinga. Ni akili inayofuata sarufi moja ikiwa ndani ya lugha nyingine. Mifano ninayo, mingine ni yangu:

"Borrow me your pen." Mbona watu wanavunjika mbavu? Sisi tuna kuazima moja tu: nimeazima kalamu, niazime kalamu. Kitendo kimoja kinakwenda na kurudi. Mwingereza kavigawa viwili: anayetoa ana "lend", anayepokea ana "borrow". Ukishajua kitu kinatoka mkono gani, hukosei tena.

"Us we think." Sisi tunadhani. Kiswahili kinaruhusu kusema "sisi" halafu "tu" inarudia palepale, ndiyo namna yetu ya kutia mkazo. Kiingereza kinataka mtendaji mmoja: "we think". Ukitaka mkazo, vuta sauti tu kwenye "we".

"He" na "she". Mama yako ni "a", baba yako ni "a", amekuja, ameondoka. Lugha yetu haijawahi kutuuliza jinsia ya mtu kabla ya kumsema. Kwa hiyo ukimsikia mtu mzima anamwita mama yake "he", usidhani kamsahau mama yake. Kichwa chake hakijazoea kufanya hesabu hiyo katikati ya sentensi.

"I hear hunger." Nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu, vyote tunavisikia. Kiingereza kinasikia kwa masikio peke yake, vingine ni "feel" na "smell", na njaa ni "I'm hungry".

"It has remained five minutes." Zimebaki dakika tano. Sema "there are five minutes left."

"I have two years here." Nina miaka miwili hapa. Sema "I've been here for two years." Ukisema "I have two years" mbele ya mgeni, atasubiri umalizie: miwili ya nini?

"I stay in Mbagala." Kukaa kwetu ni kuketi, kubaki na kuishi, vyote kwenye neno moja. Kwa Mwingereza wa London "stay" ni kwa wageni na hoteli, nyumbani kwako ni "live". Lakini ngoja, Waskoti wao wanasema "stay" hivyohivyo kama sisi na hakuna anayewazomea. Hapo tutafakari kidogo.

Mnaona? Kila kosa lina sababu, na sababu inaelezeka kwa Kiswahili kwa mistari miwili. Sasa tunacheka nini?

Na hawa mapolisi wa grama wenyewe, tuwakague na wao. Mmoja alimrukia dada mmoja wa mwaka wa kwanza kwa kumalizia sentensi na "with". Eti ni marufuku kumaliza sentensi na kijineno cha namna hiyo. Nani kapiga marufuku? John Dryden, mshairi, alilalamikia jambo hilo mwaka 1672. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika kitabu cha sarufi mwaka 1762 akasema kwenye maandishi ya heshima ni vizuri zaidi kuliepuka, ila kwenye mazungumzo ni kawaida. Na sentensi yenyewe aliyokuwa akilisemea hilo kaimalizia na kijineno hichohicho! Waingereza wamekuwa wakimalizia hivyo miaka yote na bado wanamalizia. Mwingine alisahihisha "they" iliyotumika kwa mtu mmoja, akasema huo ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Siku hizi zipi? "They" ya mtu mmoja ina mamia ya miaka, hata Jane Austen kaitumia. Na Shakespeare kwenye Julius Caesar, kile kitabu ambacho Mwalimu Nyerere alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, kaweka "most" na "-est" kwenye neno moja. Angepresenti kwenye semina yetu angezomewa mpaka aombe kuhama kozi.

Sisemi kwamba basi kila kitu ni sawa. Wadau msinielewe vibaya, ndiyo maana nataka niwasimulie yangu.

Mwaka jana natafuta nafasi ya field. Nimetuma barua kila mahali, siku moja nikapigiwa simu kutoka ofisi moja nzuri tu. Mama wa upande wa pili, sauti ya kistaarabu, akaniuliza kwa Kiingereza: "So you haven't found another place?" Mimi kwa furaha nikajibu: "Yes!" Akasema sawa, kila la heri, akakata. Nikakaa nasubiri barua ya kuitwa. Wiki ikapita. Nilipopiga, nafasi kapewa mtu mwingine, kwani si nilisema nimeshapata?

Tazama kilichotokea. Kwa Kiswahili mtu akikuuliza "Hujapata sehemu nyingine?", unajibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, ulivyosema ni kweli, sijapata. Sisi tunalijibu swali la aliyeuliza, tunakubali au tunakataa maneno yake. Mwingereza hajibu maneno ya muulizaji, anajibu jambo lenyewe: kama hujapata ni "No", kama umepata ni "Yes". Mimi nimesema "Yes" ya Kiswahili, mama kasikia "Yes" ya Kiingereza. Nikaishia kufanya field mahali ambapo kazi yangu kubwa ilikuwa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni.

Sasa niambieni: kosa langu la grama lilikuwa wapi? Hakuna! Neno moja, limetamkwa safi kabisa, mtaalamu wa nyuma asingesikia cha kuchekea. Na ndilo lililonigharimu. Wakati "discuss about" ya Jirani kila mtu darasani aliielewa kwa asilimia mia, haikuficha chochote, haikumpoteza mtu. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo: tunacheka makosa yasiyoumiza, na yale yanayoumiza hakuna anayetufundisha, kwa sababu hayachekeshi.

Yako mengi ya aina hiyo. Saa, kwa mfano. Sisi siku yetu inaanza jua likichomoza, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni "eight o'clock". Mtu anaandika kwenye baruapepe "I will come at two", anafika saa mbili asubuhi anakuta mlinzi, au mbaya zaidi anaambiwa "two" anakuja asubuhi badala ya saa nane mchana. Ongeza au punguza sita, halafu andika na a.m. au p.m., usiache hewani.

Kuna "until" na "by". Mtu anaandika "I will submit it until Friday". Kichwani ana "mpaka Ijumaa". Lakini "until" ni jambo linaloendelea muda wote mpaka hapo: nitakuwepo mpaka Ijumaa, "I'll be here until Friday". Tarehe ya mwisho ya kukabidhi ni "by Friday", yaani ifikapo Ijumaa kiwe kimeshafika. Hizo mbili ukizichanganya kwenye barua ya kazi, mwenzio hajui akutegemee lini.

Kuna "I'm coming" ya kuagia. Sisi tunainuka kwenye kiti tunasema "nakuja", tukiwa na maana naenda mara moja narudi. Mgeni anasikia unakuja, anaona unaondoka. Sema "I'll be right back." Na "sorry" pia. Mtu kajikwaa, unamwambia "sorry" kwa maana ya pole, anakujibu "it's not your fault", mnabaki mnashangaana. Sisi pole na samahani tumezitenganisha, wao zote wamezitia kapu moja. Hapo kusema kweli Kiswahili kimewazidi. Ukimwona mtu kaumia, muulize tu "are you all right?"

Haya ndiyo ningependa mtu aninong'oneze. Angeninong'oneza mwaka jana ningekuwa na barua nzuri ya field leo.

Najua kuna kundi la pili litakuja juu. Wale wanaosema: Kiingereza siyo lugha yetu, tuchapie tu, ukoloni huo. Ndugu zangu, nawapenda ila hapana. Mitihani yetu ya UE imeandikwa kwa lugha gani? Mikataba ya kazi je? Ukinyimwa haki kwa kipengele cha Kiingereza usichokielewa, utamwambia hakimu ni ukoloni? Mimi pia natamani siku tutakayosoma sheria na uhandisi kwa Kiswahili, tena ningekaa mstari wa mbele. Lakini mpaka siku hiyo ifike, anayemwambia mtoto wa Kayumba "usijali, chapia tu" anamwachia mtoto wa English medium kazi zote. Huo si uzalendo, ni kumtupa mtu.

Na lugha yenyewe si ya mtu mmoja. Mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo "nyama choma" na "daladala". Kwa hiyo tunaweza kuingia humo tukiwa na vyetu mkononi. Ila kuchangia lugha ni kitu kimoja, kushindwa kueleweka kwenye simu ya kazi ni kitu kingine. Nimelipia tofauti hiyo.

La mwisho, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mzungu akija hapa akasema "Mimi kutaka chai", tunampigia makofi. Tunamwambia "unajua sana Kiswahili!", tunapiga naye picha. Ndugu yetu wa damu akisema "us we", tunamzomea. Na hapohapo sisi wenyewe tunasema "nyimbo hii nzuri" badala ya wimbo huu mzuri, tunasema "masaa", tunasema "kitu nyingine", na hakuna anayeinua hata nyusi. Kama kweli tungekuwa tunapenda lugha sanifu tungeanzia kwa mama. Tusidanganyane, tunachokipenda ni kujulikana nani kasoma wapi. Kicheko kile cha Jumanne kilikuwa kinaulizia ada ya shule ya msingi.

Kwa hiyo napendekeza hivi, na naanza mwenyewe. Moja, mwenzio akichapia mbele za watu, mwache amalize. Maana yake umeipata, si ndiyo? Basi jibu hoja. Mbili, kama unajua kosa, mfuate pembeni, mwambie na sababu. Kama hujui sababu, nyamaza, kakitafute kitabu. Tatu, anza na yale yanayoweza kumgharimu: "yes" na "no", saa, "by" na "until". Hizo "about" zitafuata zenyewe.

Jana usiku nimegonga mlango wa Jirani. Nimemwomba radhi. Kwanza akajifanya hakumbuki. Halafu nikamsimulia ile "Yes" yangu ya field, akacheka mpaka akashika ukuta, na kile kicheko wala hakikuniuma, kwa sababu alipomaliza aliniuliza: "Sasa hapo ulitakiwa ujibuje?" Tumekubaliana kila Jumapili saa kumi jioni, kimbweta cha tatu kutoka kwenye mwembe, kila mtu anakuja na kosa lake moja la wiki. Hakuna ada, hakuna kuzomea. Na semina ijayo tumepangwa tena kupresenti. Safari hii tumegawana kurasa sita kwa sita, na zile mbili zilizorukwa nitazisoma mimi, nikiwa nimezielewa, na nitasema kwa sauti ni za nani.

Yule mtaalamu wa nyuma najua unasoma hapa. Na wewe karibu Jumapili. Njoo na sababu.

Wadau, naomba kutoa hoja. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi, "seven a.m." kwa wale wa nyuma. Usiku mwema.